Utata Una Mwenyewe

Wapo watumishi wa umma, na wapo wahariri wa magazeti yetu, wanaoamini kwamba kazi ya mfasiri ni kuondoa utata. Wakikuletea waraka wa Kiingereza wenye sentensi inayoweza kuelekea kushoto au kulia, hutarajia uwarudishie sentensi iliyonyooka. Mimi niliyejifunza Kirusi ukubwani, na ninayekifasiri kila ninapoombwa, siioni kazi hiyo hivyo. Utata mwingine ni uzembe wa mwandishi tu, na huo haunisumbui. Ninaouzungumzia hapa ni ule uliowekwa kwa makusudi. Huo una mwenyewe, na kabla ya kuugusa ni lazima tumjue ni nani.

Mfano ninaoutumia darasani ni Azimio Namba 242 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lililopitishwa tarehe 22 Novemba 1967, miezi mitano baada ya vita ambavyo Israel iliteka Sinai, Gaza, Ukingo wa Magharibi, Jerusalem Mashariki na milima ya Golan. Rasimu ilikuwa ya Waingereza, ikisimamiwa na balozi wao, Lord Caradon. Ilitaka majeshi ya Israel yaondoke "from territories occupied in the recent conflict". Haikusema "the territories", wala haikusema "all". Kwa msomaji wa Kiingereza, kukosekana kwa kineno hicho cha herufi tatu kunasikika, kama inavyosikika kimya ya mtu aliyeitwa jina lake barazani asiitikie. Israel ilisoma kwamba ni maeneo, si lazima yote. Nchi za Kiarabu zilisoma kwamba ni yote, tena zikaelekeza kidole kwenye utangulizi wa azimio lenyewe, unaokataa ardhi kupatikana kwa njia ya vita. Wajumbe wote 15 waliunga mkono. Hawakukubaliana juu ya jambo. Walikubaliana juu ya maneno.

Sasa lipeleke azimio hilo katika Kirusi: "s territoriy, okkupirovannykh vo vremya nedavnego konflikta". Kirusi hakina "the" wala "a". Mtu wa haraka atasema mfasiri amebahatika, kwani utata umevuka mpaka bila jasho. Sikubaliani naye. Katika Kiingereza mwandishi alikuwa na kineno mkononi akakiweka chini. Katika Kirusi hakuna aliyeweka kitu chini, maana lugha yenyewe haina kineno cha namna hiyo. Msomaji wa Moscow haoni pengo lolote. Anasoma sentensi laini, na muktadha unamvuta kuelewa "maeneo yale yaliyotekwa", basi.

Vasily Kuznetsov, aliyeiwakilisha Serikali ya Kisovieti katika kikao kile, hakuwa mtu wa kupitwa na kineno. Alikuwa amesoma uhandisi Marekani katika miaka ya 1930. Nchi yake ilikuwa imeleta rasimu yake, iliyotaka majeshi yarudi yalikokuwa kabla ya tarehe 5 Juni 1967. Baada ya kura alilieleza Baraza kwamba Serikali yake inauelewa uamuzi ule kuwa unahusu maeneo yote. Aliweza kusema hivyo kwa lugha yake bila kupinda hata silabi moja. Wafaransa nao walikuwa na "des territoires", ambayo huelemea upande huohuo. Zaidi ya nusu karne imepita, na wanasheria bado wanavutana.

Kiswahili, katika jambo hili, ni ndugu wa Kirusi. "Maeneo yaliyotekwa" akiyasikia mtu wa Kisumu au wa Unguja, atadhani ni yote, wala hatahisi kwamba kuna kilichofichwa. Ukiongeza "baadhi ya", umesema zaidi ya alivyosema Mwingereza. Ukiacha, umesema pungufu. Kila mwaka wanafunzi wangu hugombana juu ya sentensi hiyo moja kwa saa nzima, na mimi huwaacha wagombane. Wengi wao ndio watakaokaa katika ofisi za Serikali wakifasiri mikataba ya mikopo na ya madini.

Huo ni utata wa wakubwa. Uliandikwa na watu wenye majeshi na kura, ili kila mmoja arudi nyumbani akiwa ameshinda. Lakini upo utata mwingine, na huo ndio ulionifanya niandike leo.

Miaka michache iliyopita niliombwa kusaidia kufasiri kwa Kirusi ushuhuda wa watu waliowekwa kizuizini katika nchi ambayo sitaitaja. Ushuhuda ulikuwa umeandikwa kwa Kiingereza, na majina yote yalikuwa yameondolewa. Shahidi mmoja alieleza jinsi alivyochukuliwa usiku, akanyang'anywa simu, akawekewa karatasi mbele yake, akakataa kutia sahihi. "I refused to sign." Kiingereza hakisemi kama aliyekataa ni mwanamume au mwanamke. Kiswahili hakisemi pia: "nilikataa" ni nilikataa. Kirusi kinasema. Kitenzi cha wakati uliopita kikiwa katika umoja hubeba jinsi ya mtendaji. Mwanamume atasema "ya otkazalsya", mwanamke atasema "ya otkazalas". Hakuna namna ya tatu inayoweza kutamkwa na mtu kujihusu.

Ndugu msomaji, pima uzito wa herufi hizo. Katika kundi lile waliokamatwa, wanawake walikuwa wachache mno. Kiambishi kimoja cha kike kingemtoa shahidi katika umati na kumsimamisha karibu peke yake mbele ya wale waliomkamata, ambao bila shaka nao wana wasomaji wa Kirusi. Kiambishi cha kiume kingekuwa ama ufichuzi wa upande wa pili au uongo. Mimi mwenyewe sikuambiwa jinsi ya shahidi, na sikuuliza.

Warusi wenyewe wana njia za kupita mlango wa nyuma. Unaweza kuhamishia masimulizi katika wakati uliopo, ambao hauonyeshi jinsi. Unaweza kumgeuza mtendaji kuwa mtendwa: "u menya otnyali telefon", walininyang'anya simu, na hapo kitenzi ni cha wale waliofanya. Unaweza pia kutumia "mne prishlos", yaani ilinilazimu, ambayo haina mtendaji kabisa. Kurasa mbili za kwanza zilipita vizuri kwa njia hizo. Mwandani wangu katika kazi ile, Mrusi mwenye subira kubwa kuliko yangu, alikuwa ameridhika.

Mimi sikuridhika, na kilichonikwaza ni ule mkataa wa karatasi. Njia zote za kuficha jinsi zilikuwa zikimfanya shahidi kuwa mtu wa kufanyiwa. Alichukuliwa, alinyang'anywa, ililazimu. Kwa mambo hayo ilikuwa kweli, kwani alifanyiwa. Lakini kukataa alikataa mwenyewe. Palikuwa na tendo moja tu lililokuwa lake usiku ule, na sarufi ilitaka nilitoe tendo hilo mikononi mwake ili nimlinde. Tulijaribu "mimi nakataa" kwa wakati uliopo, ikawa kama maelekezo ya mchezo wa kuigiza. Tulijaribu "kukataa kwangu kulifuata", ikanuka ofisi. Mhariri wa shirika lililotuagiza alipendekeza tuweke umbo la kiume, kwa hoja kwamba kisarufi la kiume hubeba wote. Tulimjibu kwamba hoja hiyo huenda inafaa katika tangazo la kazi, ila si katika kinywa cha mtu anayesema "mimi".

Siku ya tatu mwandani wangu aligeuza sentensi nzima, akawapa maofisa kitenzi na kushindwa pia: "Podpisi moyey oni ne poluchili." Sahihi yangu hawakuipata. Kitenzi ni cha wingi, cha wao. Jinsi ya shahidi haipo popote. Na mpangilio wa maneno, sahihi ikitangulia mbele, una kiburi kile kile nilichokisikia katika Kiingereza. Tuliiacha hivyo, na ndivyo ilivyochapishwa.