Baridi ya Makete ilivyonifundisha kupakata kompyuta

Ilikuwa saa 12 na nusu asubuhi, mwezi Julai. Nimekaa juu ya gogo nyuma ya nyumba ya bibi mmoja, kwenye kijiji kilicho juu ya Matamba, wilayani Makete. Kompyuta iko mapajani. Simu nimeiegemeza kwenye ukuta wa tofali, kwa sababu hapo tu ndipo mtandao ulikuwa unashika. Nilikuwa namalizia habari ya watoto wanaozaliwa na uzito mdogo, na mhariri wangu Dar es Salaam alikuwa anaisubiri saa 3. Betri ilisomeka asilimia 38.

Skrini ikawa nyeusi.

Nilibonyeza kitufe cha kuwashia mpaka kidole kikauma. Kwa kweli vidole vyote vilikuwa vinauma, maana majani yaliyokuwa mbele yangu yalikuwa meupe kwa umande ulioganda. Anayeishi Dar, ambaye baridi anayoijua ni ya kiyoyozi cha benki, atanielewa nikisema nilitaka kulia.

Huku watu hufika kwa kupandia Chimala, kwenye barabara kuu ya kwenda Mbeya. Unaacha joto la mashamba ya mpunga ya Mbarali, gari linaanza kuupanda mlima, na wenyeji wanakuhesabia kona: 57. Kufika ya 20 nilikuwa nimefunga kioo. Kufika ya 40 nilikuwa nimevaa sweta, na mama aliyekaa pembeni yangu alikuwa ameshamfunika mwanawe blanketi mpaka kichwani, kwa mkono mmoja, bila hata kukatisha mazungumzo. Ukifika juu unakuta viazi mviringo, ngano, na watu wanaokusalimia “kamwene” wakiwa wamevaa makoti mchana kweupe. Mbele zaidi ni uwanda wa Kitulo, ulio kwenye mita kama 2,600 kutoka usawa wa bahari, ambao maua yake huchanua wakati wa mvua. Mimi nilifika Julai, sikuona ua hata moja.

Kituo cha afya nilichokwenda kuandika habari zake kina chumba kidogo chenye vitanda vichache, ambako kina mama hukaa na watoto wao kifuani, ngozi kwa ngozi, wamefungwa kwa kitenge. Ndiyo huduma ya kangaruu. Ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, pale Dk Edgar Rey Sanabria alipokuwa na watoto wengi kuliko mashine za kuwatunzia joto. Leo Shirika la Afya Duniani (WHO) linaipendekeza kwa watoto wanaozaliwa na uzito wa chini ya kilo 2.5, kwa saa 8 hadi 24 kwa siku. Muuguzi aliniambia kwamba huku kwao mtoto mdogo akipoa, huenda asilie kabisa. Ananyamaza, anaacha kunyonya, analegea. Mama mgeni wa mambo hayo anaweza kufikiri amelala vizuri.

Niliandika maneno hayo kwenye daftari bila kufikiri kwamba yangenihusu mimi.

Turudi kwenye kompyuta. Nilipompigia simu rafiki yangu anayetengeneza hizi mashine, alicheka kwanza. Betri yangu haikuwa imekufa wala chaji haikuwa imeisha. Ndani ya betri za lithiamu umeme unatokana na kemikali, na kemikali zikipoa hufanya kazi polepole. Mashine inapohitaji nguvu, betri inashindwa kuitoa kwa kasi, umeme unashuka ghafla, na mashine inajizima ili isidhurike. Ile asilimia 38 ilikuwa bado imo. Ilihitaji joto tu. Hata uzito wa skrini niliouona tangu alfajiri, herufi zikija kwa kuchelewa, ulikuwa ni baridi hiyohiyo. Baadaye nilisoma kwamba kampuni ya Apple inashauri kompyuta zake za MacBook zitumike kwenye nyuzi joto 10 hadi 35. Yangu si ya kampuni hiyo, na simu yangu asubuhi ile ilikuwa imeandika nyuzi 3.

Lakini kabla sijampigia rafiki yangu, nilikuwa nimeshaharibu. Asubuhi ile niliikimbiza kompyuta jikoni kwa bibi, ambako sufuria ya uji ilikuwa inachemka, nikaifungua karibu na moto. Baada ya dakika chache kulikuwa na matone ya maji juu ya herufi. Mvuke wa jikoni ulikuwa umekutana na chuma baridi, kama unavyotoa soda kwenye friji ukaiweka mezani ikaanza kutoka jasho. Jasho la aina hiyo likiingia ndani ya mashine iliyowashwa, linaweza kuiua kabisa. Nilipaswa kuiacha imefungwa ndani ya begi lake mpaka begi lote lipate joto la chumba, ndipo niifungue. Na kama imelala kwenye baridi ya chini ya nyuzi 0, isichomekwe chaja kwanza, kwa sababu kuchaji betri ya lithiamu ikiwa katika hali hiyo huiharibu moja kwa moja.

Mhariri aliniongezea siku moja. Ndipo nikafanya kosa ambalo mpaka leo naona aibu kulisimulia, na nalisimulia kwa sababu ukurasa huu unasomwa na wazazi.

Usiku huo niliomba jiko la mkaa liingizwe chumbani. Nilimwambia bibi kwamba kompyuta ikauke na chumba kipate joto. Chumba hicho nilikuwa nalala na wajukuu zake wawili, msichana wa miaka 8 na mdogo wake. Bibi alisita. Akasema wao jiko hulala nje. Nikamwambia mkaa umeshakolea, hauna moshi. Mimi, mwandishi wa afya, niliyewahi kuandika zaidi ya mara moja kuhusu hewa ya mkaa! Bibi aliniheshimu kwa sababu ya usomi wangu, akaliingiza, na dirisha likafungwa kwa kuwa upepo wa huko unakata kama kisu.

Sijui ilikuwa saa ngapi niliposikia yule msichana akisema, “Anti, kichwa kinaniuma.” Nikajibu alale. Akarudia. Nilipojaribu kuinuka, changu nacho kilikuwa kizito kama nimebeba ndoo, na tumbo linanichafuka. Hapo ndipo akili ilirudi. Nilifungua mlango, nikamtoa yeye, nikarudi kumbeba mdogo wake aliyekuwa amelala, nikamwamsha kwa kumtikisa mpaka akaanza kulia. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto namna ile. Tulikaa kibarazani tumejifunika blanketi mbili, watoto wawili, bibi na mimi, baridi ikituchapa usoni, mpaka vichwa vikatulia.

Kulipokucha tuliwapeleka watoto kituo cha afya. Muuguzi aliwapima, akasema wako salama, kisha akanigeukia. Hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, “Dada, wewe si ndiye uliyekuja kutuuliza maswali?”

Mkaa uliokolea, usio na moshi, ndio unaodanganya. Unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na inashikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dalili zake za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, vitu ambavyo usiku wa baridi mtu anavisingizia mafua au uchovu wa safari. Watoto na wajawazito hudhurika upesi zaidi. Ukiwa umelala hutaamshwa na harufu, kwa sababu hakuna harufu. Kilichotuamsha sisi ni mtoto aliyekataa kunyamaza baada ya kuambiwa alale.

Bibi hakunilaumu hata kidogo, jambo lililoniumiza zaidi. Jioni alinikuta nimeishika kompyuta naitazama kama mgonjwa. Akauliza kile kitu kinaitwaje kwa Kiswahili cha vitabuni. Nikamwambia ni kompyuta mpakato.

“Mpakato? Ya kupakata?”

“Ndiyo, bibi.”

“Sasa mbona huipakati? Umetoka kuandika habari za wenzako wanaobeba watoto kifuani, chako unakiweka motoni.”

Nilicheka, lakini usiku ule nililala na kompyuta imezimwa, imo kwenye begi lake, ndani ya blanketi pembeni yangu. Asubuhi nilikunywa uji kwanza. Bibi alinipa kitenge kizito, nikaifunga kompyuta tumboni chini ya koti, nikaenda kwenye gogo langu. Niliitoa pale tu nilipokuwa tayari kuandika. Mapajani nilikunja blanketi, nikaacha wazi matundu ya pembeni ya kupitishia hewa. Mikononi nilivaa soksi nilizozikata ncha, maana mwili ukipata baridi huzuia damu isiende sana vidoleni ili ilinde moyo na ubongo, na vidole visivyo na damu ya kutosha huandika “kangaruu” kwa herufi tisa za ajabu. Niliandika kwa dakika 15, nikaifunga, nikairudisha chini ya koti, nikatembea kidogo, nikaitoa tena.

Jua lilipopanda nilisogea juani, skrini ikawa haionekani, nikajifunika kitenge kichwani pamoja na mashine kama mtu anayejifukiza. Pua iliungua na midomo ikapasuka. Ukipanda mita 1,000 mionzi ya jua inayounguza ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10, baridi iwe inakutetemesha au la. Kama unampeleka mtoto likizo kwenye milima hii, kofia yenye ukingo ni muhimu kama ilivyo sweta.

Saa 4 kasoro nilibonyeza kutuma. Kile kimstari cha kutuma kilikuwa kinasogea kama konokono, betri ikiwa asilimia 61. Yule msichana wa miaka 8 alikuja akachungulia ndani ya kitenge, akaitazama skrini, kisha akanitazama mimi.

“Anti, leo hakizimi?”

“Leo hakizimi.”

Akaingiza kichwa na yeye, tukasubiri wote humo ndani mpaka ikaenda.