Mkato Mdogo

Katika alama zote za uandishi, hakuna inayodharauliwa kama mkato. Nukta twaiheshimu, kwani bila nukta sentensi haina mwisho. Lakini mkato wa Kiingereza hutupwa popote, kama chumvi ya mpishi asiyeonja.

Nadhani chanzo ni mafunzo yetu. Shuleni tuliambiwa tuweke mkato pale tunapovuta pumzi; ndiyo maana wako wanaouita kipumuo. Ushauri huo humfaa asomaye kwa sauti. Mwandishi haumfikishi mbali, maana pumzi za watu hazilingani, ilhali maana ya hati yapasa iwe moja kwa wote.

Mzee mmoja jirani yangu aliniletea rasimu ya wosia wake, iliyoandikwa kwa Kiingereza, nimsomee. Palikuwa na maneno haya: "My son, who lives in Mombasa, shall have the house."

"Mzee," nikamwuliza, "una wana wangapi wa kiume?"

"Watatu, mwalimu. Wewe si unawajua?"

Nikamweleza kwamba mikato ile miwili inasema ana mwana mmoja tu, na kwamba Mombasa imetajwa kama habari ya ziada. Ikiondolewa, maneno yanamchagua yule wa Mombasa miongoni mwa ndugu zake. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Afadhali tuandike na jina lake." Alisema kweli. Sisi katika Kiswahili tungeongeza neno "yule", na mambo yakawa wazi. Kiingereza kimeutwika mkato mzigo huo.

Asiyeamini na awatazame madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst, katika jimbo la Maine, Marekani. Sheria ya jimbo iliorodhesha kazi zisizo na haki ya malipo ya ziada kwa saa za ziada: kusindika, kukausha, kuhifadhi na nyinginezo, ikamalizia kwa kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza vyakula. Kabla ya "au" hapakuwa na mkato. Je, kusambaza ni kazi ya peke yake, au ni sababu tu ya kufungasha? Madereva walisambaza, hawakufungasha. Machi 2017 mahakama ya rufaa iliona kuwa sheria ina utata, ikaufasiri utata huo kwa faida ya wafanyakazi. Mwaka 2018 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5, na sheria yenyewe ilikuwa imekwisha kuandikwa upya.

Mkato huo wa kabla ya neno la mwisho katika orodha, wachapaji wengi wa vitabu huuweka, na magazeti mengi huuacha. Wote wana haki, mradi maana isiyumbe. Ikiyumba, uwekwe, au sentensi ipangwe upya.

Nami wanafunzi wangu huwapa jaribio moja. Yaondoe maneno yaliyo kati ya mikato miwili, kisha usome yaliyobaki. Kama bado yanamtaja mtu au kitu kile kile ulichokusudia, acha mikato yako. Kama sivyo, ifute. Na usiweke mmoja ukausahau mwenzake, maana ni kama kufungua mlango ukaenda zako. Mdharau mwiba, mguu huota tende. Na aghalabu mguu wenyewe huwa ni wa mtu mwingine, aliyetia sahihi bila kujua.