Kahawa ya Idjwi

Ndugu musomaji, wewe unayekaa Kamituga ao Mwenga, pale watu wanatafuta maisha chini ya udongo, siku moja panda bato pa Bukavu uende Idjwi. Ni kisanga kirefu kati ya Ziwa Kivu. Katika maziwa ya Afrika, ni Ukerewe tu inayokishinda kwa ukubwa. Ukishuka Kashofu utaona migomba kwanza. Tazama vizuri chini ya migomba: kule kuna kahawa.

Wengine wanafikiri kahawa na chai ni ndugu, kwa sababu zote tunazinywa katika kikombe. Hapana. Chai, ile inayolimwa ngambo ya Rwanda kule Gisakura na Shagasha, tunachuma majani yake, mawili na chipukizi, na kisha siku chache tunarudia tena. Kahawa tunavuna tunda, na tunda lina wakati wake.

Mbegu inalala katika kitalu karibu juma sita mbele ya kuchipuka. Ukiisha kuhamisha miche shambani, utangoja miaka mitatu ao ine kwa kupata mavuno ya kwanza. Muchimba dhahabu hawezi kuvumilia hivyo! Mvua ikirudi kisha kiangazi, maua meupe yanafunguka yote pamoja, shamba linanukia siku mbili tatu, basi. Tunda linakaa kwenye muti karibu miezi munane. Likiwa jekundu ndipo linachumwa, Idjwi ni tangu Machi mpaka Juni hivi. Kijana anayevuta tawi lote kwa mukono, mabivu na mabichi pamoja, anaharibu hata kahawa ya jirani, maana inachanganywa yote. Na kilo sita hivi za matunda zinatoa kilo moja tu ya mbegu kavu.

Sasa musikie hili. Tunda linapaswa kutolewa ganda siku ile ile. Kwa miaka mingi Idjwi haikuwa na mahali pa kuoshea kahawa. Watu walisaga kwa jiwe nyumbani, na wanunuzi walitoa bei kidogo sana. Basi wanaume walipakiza magunia ndani ya mitumbwi usiku, wakavuka kwa kificho mpaka Rwanda. Zoruba ikiwakuta kati ya ziwa, lenye kina cha zaidi ya mita 400, wengi hawakurudi. Kwa hiyo ukikutana na mujane kule, usishangae akikuambia kwamba ni kahawa iliyomufanya mujane.

Tangu miaka ya 2010 vyama vya walimaji vilijenga vituo vya kuoshea kisangani kwenyewe. Matunda mekundu yanapimwa, yanatolewa ganda, yanaoshwa, yanaanikwa juu ya meza za wavu. Wajane nao wakajiandikisha. Kahawa ya Idjwi ikafika hata Ulaya na Marekani.

Lakini bei ikianguka, ao malipo yakichelewa wakati watoto wanafukuzwa masomo, mutumbwi ungali pale kando ya maji, na milima ya Rwanda inaonekana kwa macho.