Baridi Iliyotutisha Wodini

Mdogo wetu alipotolewa katika chumba cha upasuaji, sisi dada zake watatu tulikuwa tumesimama mlangoni na khanga mikononi. Mtoto alikuwa mzima, tena wa kiume. Lakini mama yake alitetemeka hata meno yakagongana. Tulitazamana kimya. Mama yetu mzazi alifariki siku ileile aliyomzaa huyu kitinda mimba, na hakuna kati yetu aliyekuwa amesahau.

Mbio tukajaza maji ya moto kwenye chupa, tukaiingiza miguuni chini ya shuka. Muuguzi akaitoa upesi.

"Mama zangu, huyu amechomwa sindano ya ganzi mgongoni. Toka kiunoni kwenda chini hasikii kitu. Mtamwunguza, naye hatalia."

Tuliona aibu. Yeye hakutukaripia, alitueleza. Chumba cha upasuaji huwa na baridi, na dripu nayo ni ya baridi. Zaidi ya hayo, ganzi hulegeza mishipa ya damu, joto la ndani likatoka na kupotelea nje. Likishuka chini ya nyuzi 36, damu huchelewa kuganda na kidonda hushambuliwa na vijidudu kwa urahisi. Baadaye tulisoma kwamba utafiti wa mwaka 1996, uliohusu wagonjwa 200 waliopasuliwa utumbo mpana, ulithibitisha jambo hilo: walioachwa wapoe, 19 kati ya kila 100 walipata maambukizi ya kidonda, waliopashwa joto, 6 tu.

Kipimajoto kilionyesha 35.6. Tuliondoa shuka lililolowa, tukamfunika mablanketi mawili makavu, tukamvika soksi na kumfunga kitambaa kichwani. Mtoto akalazwa kifuani pake, ngozi kwa ngozi, wote wawili wakafunikwa. Muuguzi alirudi kupima mara kwa mara. Kipimo kilipofika 36.5, mdogo wetu alitulia, akauliza, "Mbona mnalia?"

Mama mwenzetu, unapokwenda kumwuguza aliyefanyiwa upasuaji, beba blanketi kavu, soksi na kofia. Akitetemeka, mwite muuguzi ampime. Siku zinazofuata akipata homa, usingoje kesho kusema. Na ile chupa ya maji ya moto, iache nyumbani. Upendo wetu nusura umwunguze tuliyempenda.