Mtoto akitaka igizo lirudishwe nyuma

Wazazi wenzangu mliokulia Dar es Salaam miaka ya 80 na 90 mnavikumbuka vikundi vya sanaa: Muungano, Mandela, kisha TOT kuanzia 1992. Kiingilio kimoja, unapata ngoma, sarakasi, vichekesho, igizo, na mwishoni taarabu. Ukumbi wenyewe mara nyingi ulikuwa baa, ndiyo, lakini Jumapili tulikaa na baba, soda mkononi, mpaka giza.

Televisheni ilipoingia Bara 1994, watazamaji walianza kubaki nyumbani. Waigizaji wakawafuata huko, baadaye kwenye filamu. Siwalaumu, msanii naye ana watoto wa kulisha.

Ila mwanangu wa miaka tisa hakuwahi kuona mwigizaji akisahau maneno, mwenzake akamwokoa kwa mzaha na watu wote wakacheka. Mwaka jana nilimpeleka Bagamoyo, kwenye tamasha la TaSUBa. Mzee wa kwenye igizo alipokufa, alinishika mkono: “Mama, mbona anapumua?” Halafu akataka irudishwe nyuma aone tena. Nikamwambia hii hairudi. Labda kesho wakicheza, na kesho haitakuwa vilevile.

Tulilala Bagamoyo.