Wasaa wa Vidole Vitatu

Marehemu baba yangu, ambaye hakuwa fundi bali karani, alikuwa na ada moja asiyoiacha tangu siku alipoinunua Volkswagen yake ya mwaka 1963 hadi macho yalipomzuia kuendesha: kila alipofungiwa mpira mpya katika gurudumu la nyuma, aliinama, akapenyeza vidole vitatu vilivyoshikamana kati ya ubavu wa mpira na mdomo wa madigadi, akavizungusha polepole kulifuata duara, na vilipopita pasipo kugusa ndipo alipotoa pochi akalipa. Nyumba yetu ilikuwa Nyawera, katika Ibanda mjini Bukavu, mahali ambapo njia haina budi kupanda au kushuka, na motokaa yenye kasoro miguuni haichelewi kufedheheka.

Siku hizo hapakuwa na la kuchagua. Uliingia dukani katika barabara kuu, iliyoitwa Avenue Royale na ambayo leo ina jina la Patrice Emery Lumumba, ukataja 5.60-15, nawe ukaletewa 5.60-15, yaani mpira wenye upana wa inchi tano na nukta sita juu ya rimu ya inchi 15, na kimo cha ubavu hakikuandikwa kwa kuwa kilijulikana. Wenye kiwanda walikwisha kupima uvungu wa madigadi huko Ujerumani, na kwetu ilibaki kazi ya kulipa na kutia upepo, wa nyuma mwingi kuliko wa mbele, kwa sababu injini ya gari lile hukaa nyuma.

Mwezi wa Agosti mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliushika mji wa Bukavu wakaukalia hadi mwanzo wa Novemba, na sisi tuliporudi kutoka kwa jamaa za mama tuliikuta Volkswagen imesimama juu ya matofali, haina hata gurudumu moja. Baba alizunguka wiki nyingi kutafuta rimu za namna ile, zenye misumari mitano iliyosambaa katika duara pana la milimita 205, ambazo rimu za magari mengine hazishiki mahali pake. Alizipata, na mipira akaipata. Lakini tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alipotangaza kwamba biashara za wageni zitatiwa mikononi mwa raia, rafu za maduka hazikukawia kuwa tupu, na ile 5.60-15 ikawa kitu cha kusimuliwa. Kwa mara ya kwanza baba alilazimika kuuliza, si bei, bali kama mpira huu utaingia.

Mipira ya radiali, ambayo Michelin waliisajili tangu mwaka 1946, ilitufikia kwa kuchelewa, nayo ilikuja na hesabu mpya. Nitaieleza, kwa kuwa niliwahi kuadhibiwa kwa kuijua nusu. Ukiona 165/80R15, ile 165 ni upana kwa milimita, na 80 ni kimo cha ubavu kwa kila mia ya upana, basi ubavu ni milimita 132. Uzidishe mara mbili, kwa kuwa kuna wa juu na wa chini, kisha ujumlishe na rimu ya inchi 15, ambayo ni milimita 381, upate kimo cha gurudumu zima, milimita 645.

Mwaka 2003, kiwanda cha Puebla nchini Mexico kilipotoa Volkswagen ya mwisho ya namna ile, mimi niliazimia kuifufua ya baba, iliyokuwa imelala chini ya mwembe kwa miaka. Mipira iliyopatikana ilikuwa mitumba ya Toyota, na aghalabu ilikuwa 195/65R15. Nilikaa nikapiga hesabu, nikapata kimo cha milimita 634 na nusu, nikafurahi: ikiwa mpira ni mfupi kuliko ule wa asili, utagusaje? Nikainunua miwili ya nyuma. Hata kuiingiza chini ya madigadi ilikuwa shida, ikabidi kuipunguza upepo, na hilo nalo halikunizindua. Siku ya tatu nilipakia watu wanne, tukateremka kuelekea mto Ruzizi, na katika shimo la kwanza nikasikia mkwaruzo mrefu nyuma yangu, ikafuata harufu ya mpira uliochomwa.

Mzee mmoja, fundi wa magari ya zamani niliyempelekea gari, aliilaza kadi yangu ya hesabu juu ya boneti, akaitazama kwa adabu.

"Umepima kimo, mdogo wangu. Upana umemwachia nani?"

Kumbe kimo kilipungua sentimita moja, ilhali upana uliongezeka sentimita tatu. Fauka ya hayo, mpira wa 195 hutaka rimu ya inchi tano na nusu kwa uchache, na rimu ya baba ilikuwa ya inchi nne; kwa hiyo midomo ya mpira ilibanwa na tumbo lake likavimba. Na ekseli ya nyuma ya Volkswagen za miaka ile huning'inia kama bawa: gari likipakiwa, gurudumu hupanda na kichwa chake huinamia ndani, kwa hiyo wasaa unaouona gari likiwa tupu sio wasaa utakaokuwa nao njiani. Alinionyesha bega la ndani la mpira wa kushoto, mahali palipong'aa kama kioo.

"Mzee," nikasema, "basi nirudie kipimo cha kitabu."

"Kitabu kiliandikwa gari likiwa jipya. Tulipime hili lililopo."

Akachota udongo mwekundu wa mlimani, ule unaogandamana na viatu vyetu kila masika, akaukanda kwa maji mpaka ukawa kama unga wa maandazi, akabandika madonge sita, kila moja la ukubwa wa ndimu, katika uvungu wa madigadi ya kulia na ya kushoto, upande wa ndani na wa nje. Akafunga mipira chakavu ya 165 aliyokuwa nayo, akatuketisha wanne, akaendesha mwenyewe mara mbili kuvuka mfereji wa maji. Tulipoinamia tena, madonge ya kulia hayakuguswa. La kushoto la ndani lilikuwa limekandamizwa, limebaki unene wa ukucha, nalo limechorwa mistari ya kashata za mpira. Springi ya upande huo ilikuwa imechoka, na madigadi yake, ambayo kwa bahati hufungwa kwa skurubu, yalikwisha kunyoshwa kwa nyundo na kutiwa kiraka mara nisizozijua. Nilisimama mbele ya lile donge nikaona miaka arobaini ya gari letu, kwa kipimo kisichokuwamo katika karatasi yoyote.

Springi ikarekebishwa, madigadi yakanyoshwa, nayo mipira ya 165/80R15 nikaletewa na mpwa wangu kutoka Ubelgiji. Tukarudia udongo: salama pande zote. Nikapenyeza vidole vitatu, vikazunguka duara lote. Mzee alikataa fedha zangu.

"Nenda Kabare, urudi na magunia mawili ya viazi. Utanilipa kesho."