Alama ya Moyo na Nyota

Kwa muda wa miaka 26 kazi yangu ilikuwa kuhesabu fedha za watu. Asubuhi nilizihesabu, jioni nikazihesabu tena, na katika miaka yote hiyo sikupata kujiuliza ni nani aliyesema kwamba kipande hiki ni kumi na kile ni ishirini. Imeandikwa kumi, basi, ni kumi. Swali hilo lilinijia nikiwa nimekwisha kustaafu, nilipokwenda mji wa Edinburgh, huko Uskoti, kumtazama mwanangu.

Jirani yake ni mzee anayekusanya sarafu kuukuu. Siku moja aliniwekea kiganjani kisarafu cheusi, chembamba kama gamba la samaki, akaniambia kinaitwa plaki. Juu ya chapa yake ya kwanza palikuwa pamegongwa alama nyingine ndogo: moyo na nyota. Nikadhani ni pambo. Kumbe ilikuwa ni amri.

Katika karne ya 16 Uskoti ilikuwa na mfalme wake na fedha zake. Sarafu za dhahabu na za fedha safi zilikuwa za mabwana na wafanyabiashara wakubwa. Mtu wa chini, wa kununua mkate na bia, alishika vipande vidogo: plaki ya peni 4, na hadihedi ya peni moja na nusu, ambayo wengine waliiita simba kwa sababu ya simba aliyechorwa juu yake. Vipande hivyo vilikuwa shaba iliyotiwa fedha kidogo tu. Kwa hiyo thamani yake haikuwa katika madini, bali katika neno la serikali. Serikali imesema nne, na muuza mkate akakubali nne.

Hapo ndipo penye mtego. Serikali yenye shida ya fedha huona njia rahisi: punguza fedha, zidisha shaba, namba iache palepale. Mary wa Guise, aliyetawala kwa niaba ya binti yake, Malkia Mary, alilaumiwa hivyo. Mwaka 1559 mabwana waliomwasi walivikamata vyuma vya kugongea chapa katika kiwanda cha sarafu, na walipotangaza kumwondoa madarakani, kuharibu fedha ya nchi lilikuwa mojawapo ya makosa waliyomhesabia. Waghushi nao hawakulala. Serikali ikitoa shaba kwa jina la fedha, mghushi amekwisha kurahisishiwa kazi.

Mwaka 1574 mtawala alikuwa James Douglas, Earl wa Morton, aliyeshika nchi kwa niaba ya mfalme mtoto, James wa Sita. Serikali yake iliamuru plaki ishuke kutoka peni 4 hadi 2, na hadihedi kutoka peni moja na nusu hadi peni moja. Mwaka uliofuata ikaamuru vipande halali vigongwe moyo na nyota, alama za ukoo wa Douglas, vipate kutambulikana na vile vya bandia.

Mimi karani siwezi kuidharau sababu hiyo. Vya bandia vilikuwa vimeenea, na ilibidi kufanya jambo. Lakini hebu tupige hesabu, msomaji. Kibarua aliyeweka plaki 12 alilala ana peni 48, akaamka ana 24. Hakununua kitu, hakuibiwa. Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo tulivyofundishwa. Hatukuambiwa kwamba kibaba chenyewe chaweza kupunguzwa ukiwa usingizini.

Tena mwaka 1578 serikali hiyohiyo ya mfalme iliigonga chapa sarafu kubwa ya fedha, riali ya Malkia Mary, iliyoanza kutolewa mwaka 1565 kwa shilingi 30. Safari hii alama ilikuwa ua la mbaruti lenye taji, na riali ikapanda hadi shilingi 36 na peni 9, kwa kuwa fedha ilikuwa imepanda bei. Kila amri ilikuwa na sababu yake. Ila ukiziweka pamoja utaona kwamba chapa moja ilimwongezea mwenye nacho, na nyingine ikampunguzia asiye nacho.

Nilipofikiri hayo nilimkumbuka mama mmoja. Mwaka 2019 nchini Kenya noti za zamani za shilingi 1,000 ziliondolewa, na siku ya mwisho ya kuzibadilisha ilikuwa tarehe 30 Septemba. Katika Oktoba alifika dirishani kwangu mwanamke mzee, akafungua pindo la leso, akatoa noti 14.

"Mama, muda umepita," nilimwambia. "Hizi sasa ni karatasi tu."

"Karatasi?" akasema. "Mwanangu, na mbuzi wangu niliowauza, nao walikuwa karatasi?"

Sikuwa na jibu. Nyuma yake palikuwa na foleni. Alizikunja akazifunga tena kama alivyokuja nazo.

Amri sikuitoa mimi, na nia yake ilikuwa kuwabana wenye fedha haramu na waghushi. Kinachonisumbua ni kidogo kuliko hicho. Tangu Juni hadi Septemba, miezi minne, nilipita kila siku sokoni mbele ya kina mama kama yule, nikawasalimu, nikanunua mchicha wao, wala sikufungua kinywa kuwauliza kama wana noti za zamani nyumbani. Kule Edinburgh matangazo ya serikali yalisomwa kwa sauti penye Msalaba wa Soko, na waliokuwa karibu wakasikia. Mimi nilikuwa karibu. Nilisikia, nikanyamaza.

Morton alikatwa kichwa mwaka 1581. Uskoti iliungana na Uingereza mwaka 1707 kwa makubaliano ya kutumia fedha ya aina moja, na kiwanda cha Edinburgh kilitoa sarafu zake za mwisho mwaka 1709. Amri hupita pamoja na walioitoa. Aliyepunguziwa hupita na hasara yake, wala hakuna anayegonga alama mahali hapo.

Nilimrudishia mzee plaki yake. Nilikuwa nimeifumba kiganjani hata ikapata joto.